Kiapo, urithi na kaburi: jinsi imani, au kukosa imani, inavyoamua maisha ya mtu

Shahidi akipanda kizimbani katika mahakama ya Tanzania, haulizwi kwanza alichokiona. Anaulizwa jina, umri, kazi, anakoishi, na dini yake. Jibu la hilo la mwisho ndilo linaloamua atakavyoahidi kusema kweli. Mkristo ataapa, Mwislamu atathibitisha, na asiye na dini naye sheria inamruhusu kuthibitisha bila kushika kitabu chochote. Hatua hiyo ikirukwa, ushahidi wake wote unaweza kutupwa baadaye kwenye rufaa, hata kama kila alichosema kilikuwa kweli tupu.

Wengi wetu hatujawahi kukaa chini na kujiuliza kwa utulivu kama Mungu yupo. Lakini tumeshalijibu swali hilo mara nyingi mbele ya wengine: kituo cha polisi tulipoandikisha maelezo, shuleni tulipogawanywa kwa kipindi cha dini, siku ya ndoa, siku ya msiba. Nyimbo za taifa za Tanzania na Kenya zote mbili ni dua. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaanza kwa kuutambua ukuu wa Mwenyezi Mungu, kisha ibara ya 8 inasema hakutakuwa na dini ya taifa. Katiba ya Tanzania inasema nchi haina dini, na tangu sensa ya mwaka 1967 serikali haijawauliza tena wananchi dini zao wakati wa kuhesabu watu. Kenya huuliza. Katika sensa ya mwaka 2019, watu zaidi ya 755,000, yaani asilimia 1.6, waliandikwa kuwa hawana dini au hawaamini kwamba Mungu yupo.

Mjadala wa imani unatuchanganya kwa sababu ndani yake kuna mambo kadhaa ambayo tunayachukua kama kitu kimoja. Lipo analoliamini mtu moyoni. Ipo ibada anayoifanya. Lipo kundi la watu linalomhesabu kuwa wake. Halafu kuna dini ambayo dola na ukoo humwandikia, apende asipende. Kijana anaweza kufunga Ramadhani yote, akakaa na wenzake kwenye futari kila jioni, na moyoni ana shaka nzito. Mama anaweza kumwamini Mungu kwa dhati na asikanyage kanisani miaka nenda rudi kwa sababu aligombana na viongozi. Ukiuliza imani imemfanya nini kila mmoja wao, huwezi kupata jibu moja.

Tuanze na afya, kwa kuwa huko kuna vipimo. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wauguzi wanawake zaidi ya 74,000 kwa takriban miaka 16. Waliokuwa wakihudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na hatari ya kufa katika kipindi hicho pungufu kwa asilimia 33 kuliko wale wasiohudhuria kabisa, hata baada ya watafiti kuzingatia uvutaji sigara, magonjwa waliyokuwa nayo na mengine ya namna hiyo. Ni utafiti wa wanawake wa nchi moja, wengi wao Wakristo, na hauthibitishi kwamba ibada ndiyo iliyowaongezea umri. Lakini angalia kilichopimwa: ni kuhudhuria. Sehemu ya tofauti ile ilielezeka kwa kuwa na watu wa karibu, kuvuta sigara kidogo zaidi, kuwa na huzuni kidogo zaidi, kuwa na matumaini. Mambo hayo mtu huyapata kwa kuwa miongoni mwa watu wanaomjua kwa jina na wanaouliza yuko wapi asipoonekana.

Utafiti mwingine wa mwaka 2011, uliotumia takwimu za nchi zaidi ya 100, uliongeza jambo ambalo kwangu mimi ni la maana zaidi. Katika nchi ambako maisha ni magumu, watu wenye dini walikuwa na furaha zaidi kuliko wasio nayo. Katika nchi ambako chakula, usalama na matibabu vina uhakika, tofauti hiyo ilikaribia kutoweka. Yaani thamani ya dini katika maisha ya mtu inategemea pia kinachokosekana mahali alipo.

Ukiishi Afrika Mashariki unaelewa mara moja maana yake. Tangu miaka ya 1970 maaskofu Wakatoliki wa ukanda huu walihimiza jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, na leo mitaani Tanzania jumuiya hukutana nyumba kwa nyumba, husoma Injili, huitana majina, hukusanya michango na kupanga zamu za kumtembelea mgonjwa. Anayetaka mtoto abatizwe au ndoa ifungwe huanzia kwa mwenyekiti wa jumuiya. Na kila muumini analijua onyo hili: asiyeshiriki jumuiya asishangae akifa na katekista asionekane. Kwa Waislamu, kumuosha maiti, kumkafini, kumswalia na kumzika ni faradhi kifaya, wajibu ulio juu ya jamii nzima mpaka wapatikane wa kuutimiza. Maskini asiye na ndugu atapata sanda, atapata wachimbaji, atapata watu wa kubeba jeneza, na hakuna atakayeuliza alichangia kiasi gani. Hiyo ni bima isiyo na karatasi, na kwa mamilioni ya watu ndiyo pekee waliyo nayo.

Kwa hiyo mtu wa Mbeya au Kisumu anapoacha kuamini, gharama kubwa haimjii kwenye fikra. Inamjia pale anapohesabu ni nani watafika siku ana msiba. Wapo wanaojiunga na vikundi vya kuzikana, vikoba na vyama vya waliosoma pamoja, na hivyo husaidia kweli. Lakini vingi hufunguliwa kwa sala, na yule asiyeamini hufumba macho pamoja na wenzake. Naamini hapo ndipo ulipo ukweli wa wengi wa wasioamini katika nchi zetu: hawajitangazi. Wanaenda kanisani Krismasi kwa ajili ya mama yao. Wanaswali Idi kwa ajili ya baba. Siwaoni kama wanafiki. Wanalinda upendo kwa njia pekee iliyoachwa wazi, na jamii inayowalazimu kuishi hivyo inapaswa kujitazama.

Sababu mojawapo ya ukimya huo ni dhana kwamba asiyemwogopa Mungu hawezi kuaminika. Taasisi ya utafiti ya Pew iliwauliza watu wa nchi 34 kama ni lazima kumwamini Mungu ili mtu awe na maadili mema, na matokeo yakatolewa mwaka 2020. Nchini Kenya asilimia 95 walisema ni lazima. Uswidi walikuwa asilimia 9. Uswidi si nchi ya wezi na wauaji, na Kenya yenye makanisa kila kona imehangaika na ufisadi miaka yote tangu uhuru. Sisemi dini inaleta ufisadi. Nasema kipimo tunachotumia kumjua mtu mwema hakipimi kile tunachodhani kinapima. Ndiyo maana chama cha wasioamini Mungu nchini Kenya kilipopata usajili Februari 2016, kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba miezi miwili baadaye usajili ukasimamishwa, na kikalazimika kuudai mahakamani. Hakikuwa kimefanya kosa lolote. Kuwepo kwake tu kulitosha kuwa kero.

Watu wawili wa historia yetu hunisaidia kulifikiria jambo hili. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa mtemi wa Wazanaki asiyekuwa Mkristo, akabatizwa mwaka 1943 akiwa kijana mtu mzima. Alihudhuria misa kwa bidii hadi uzeeni, na tangu mwaka 2005 Jimbo la Musoma limekuwa likiendesha mchakato wa kumtangaza mwenyeheri. Mtu huyo huyo alisimamia msimamo kwamba serikali haina dini ingawa watu wake wanazo. Mwaka 1970, akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, aliwaambia Kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowafanya watu kuwa maskini, litahesabiwa upande wa waonevu. Kwake imani ilikuwa deni kwa maskini, wala hakuitumia kuwatenga wananchi wa dini nyingine.

Richard Leakey, mtafiti na mhifadhi wa Kenya, alikulia upande mwingine kabisa. Babu yake alikuwa mmisionari wa Kianglikana huko Kabete. Baba yake, Louis, alichimba mifupa ya binadamu wa kale. Richard mwenyewe alisema waziwazi kwamba haamini Mungu. Mwaka 1989, serikali ya Kenya ilipochoma tani 12 za pembe za ndovu katika Hifadhi ya Nairobi, yeye ndiye aliyekuwa ameshika usukani wa uhifadhi. Mwaka 1993 alipata ajali ya ndege ikamgharimu miguu yote miwili chini ya magoti. Kabla ya hapo alikuwa ameshanusurika kifo kwa kupewa figo na mdogo wake, Philip. Mateso kama hayo wengi husema hayavumiliki bila Mungu. Leakey aliyavumilia, akarudi kazini, na mwaka 2006 viongozi wa makanisa ya kiinjili walipotaka mifupa ya Mvulana wa Turkana, binadamu wa kale aliyepatikana karibu na Ziwa Turkana, isionyeshwe kwenye makumbusho kama ushahidi wa mageuko ya binadamu, akasimama kuitetea.

Ukiwaweka pamoja utaona kwamba wote wawili waliishi kwa kujitoa, wote wawili walikuwa wakali, na wote wawili walikosea katika baadhi ya maamuzi. Kuamini au kutoamini hakukuwagawa katika wema na ubaya. Kilichobadilika ni mahali kila mmoja alipopata sababu ya kuamka asubuhi, na pale alipoegemea alipoumia.

Kuegemea huko kuna uzito ambao asiyeamini asiudharau. Mzazi aliyefiwa na mtoto na akasema "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun" hajapewa maelezo ya kifo, lakini amepewa la kusema, tena ni neno lililosemwa na waliomtangulia kwa karne nyingi. Ana wa kumlilia usiku wa manane. Asiyeamini hana huyo, na itambidi awategemee walio hai, ambao usiku wa manane wamelala.

Lakini egemeo hilo hilo linaweza kumwangusha mtu. Mwaka 2011 maelfu walijipanga kilomita kwa kilomita kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, aliyesema Mungu ndiye aliyemwonyesha mti wa dawa. Wapo walioondolewa hospitalini wakiwa hoi, na wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI baada ya kunywa. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wanaodaiwa kuhimizwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Wengi walikuwa watoto, ambao hawakuchagua lolote. Katika mambo yote mawili, waliokwenda walikuwa na kiu halisi: tiba wasiyoimudu, dunia iliyowachosha. Aliyewaahidi jibu la Mungu aliwakuta tayari wamekata tamaa na majibu ya wanadamu.

Sasa tuje kwenye mali, ambako imani huonekana kwa shilingi.

Tanzania Bara ina mifumo mitatu ya mirathi inayotumika bega kwa bega: sheria ya Kiislamu, sheria za kimila zilizoandikwa mwaka 1963, na Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865 ambayo Waingereza waliileta. Mtu akifa bila wosia, mahakama huangalia aliishi vipi na alikusudia nini. Jina pekee halitoshi. Mtu anayeitwa Hamisi anaweza kukutwa ameishi kimila maisha yake yote, na mwingine aliyezaliwa kijijini akakutwa ameishi mjini kwa namna iliyomtoa kwenye mila.

Chukua mfano. Mume anafariki, wazazi wake walishatangulia, ameacha mke mmoja, mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili, na mali ya shilingi milioni 144 baada ya kulipa madeni na gharama za mazishi. Kwa sheria ya Kiislamu mke anapata thumni, yaani sehemu moja ya nane: milioni 18. Milioni 126 zinazobaki, mtoto wa kiume anapata 63 na kila binti 31.5. Kwa sheria ya 1865 mke anapata theluthi, milioni 48, na kila mtoto milioni 32, bila kujali ni wa kiume au wa kike. Kwa kanuni za kimila za 1963, mjane hana fungu lake ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Kwa mwanamke yule yule, baada ya ndoa ile ile na miaka ile ile ya kuchangia nyumba, ni milioni 48, au milioni 18, au sifuri, kutegemea mahakama itamwonaje marehemu. Kanuni hiyo ya tatu kwangu ni dhuluma, na sioni sababu ya kulainisha neno.

Kuna jambo ambalo watu wa ndoa za mchanganyiko mara nyingi hulijua wakiwa wamechelewa. Mwislamu anaruhusiwa na dini yake kumwoa Mkristo akabaki na Ukristo wake. Lakini kwa mafundisho ya madhehebu ya Shafi yanayofuatwa pwani yetu, asiye Mwislamu harithi kwa Mwislamu. Mke huyo hayumo kwenye orodha ya warithi. Mtoto aliyebadili dini naye hayumo, wala aliyetangaza kwamba haamini tena. Hapo kutoamini kunakuwa na bei inayoweza kuandikwa kwenye karatasi, na ndiyo sababu nyingine ya ukimya niliousema.

Hata ndoa yenyewe imefungwa kwenye imani kwa namna ambayo wengi hawaijui. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema ndoa ya Wakristo iliyofungwa kanisani haiwezi kugeuzwa kuwa ya wake wengi muda wote ambao wawili hao wanaendelea kuikiri imani ya Kikristo. Sharti la kisheria hapo linategemea imani iendelee. Asiye na dini ana ndoa ya kiserikali kwa mkuu wa wilaya, halali kabisa, lakini sheria ya mirathi ya kwake mwenyewe hana. Kama hakuishi kimila, ataangukia kwenye ile ya 1865, iliyotungwa kwa ajili ya India kabla nchi yetu haijakuwepo.

Na mwili wake je? Wakili S. M. Otieno wa Nairobi alifariki Desemba 1986. Alikuwa Mjaluo aliyeishi mjini, alipenda kumnukuu Shakespeare, alimwoa Wambui, mwanamke Mkikuyu, na mjane huyo alisema mumewe alitaka azikwe karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Kwa miezi mitano mwili ulikaa mochwari huku Kenya nzima ikifuatilia kesi. Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ushindi ukoo, na Otieno akazikwa Nyalgunga, Siaya, mjane wake akiwa hayupo. Mahakama ilisema mtindo wa maisha aliouchagua haukumtoa kwenye mila za kabila alilozaliwa.

Hukumu hiyo ndiyo inayoonyesha mpaka wa hoja nzima. Tanzania mahakama ya mirathi huuliza uliishije. Kenya mwaka 1987 mahakama iliuliza ulizaliwa wapi. Mtu anaweza kuamini anachotaka kwa miaka 55, na baada ya pumzi ya mwisho walio hai wakaamua alikuwa nani.

Sehemu ya hayo inazuilika kwa karatasi. Otieno, wakili aliyeijua sheria, hakuacha maelekezo ya maandishi kuhusu kaburi lake. Mahakama iliachiwa kupima maneno ya mdomo. Tanzania, RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, huandaa na kuhifadhi wosia. Kenya wosia wa maandishi unahitaji mashahidi wawili, na ule wa mdomo hupoteza nguvu usipofariki ndani ya miezi mitatu tangu uutoe. Mwislamu anaweza kumwachia mke wake Mkristo, au mwanawe aliyetoka kwenye dini, hadi theluthi moja ya mali yake kwa wasia, kwa sababu hao si warithi kwa faradhi. Mahali pa kuzikwa paandikwe pia, ingawa mahakama za Kenya huyachukulia matakwa hayo kama jambo la kupimwa, wala hayazifungi. Na nakala moja apewe mtu wa ukoo ambaye atakuwepo siku hiyo, kwa kuwa ukoo hufika kabla ya wakili.